Hukumu ya mbwa haitolewi kichakani

"Mbwa ni mbwa tu, utapata mwingine." Ukikaa na wawindaji wa nguruwe pori, msimu hauishi hujaisikia sentensi hiyo, na mara nyingi anayeisema bado ameshika simu, anampiga picha nguruwe. Mbwa yuko kando, kalala juu ya majani, ubavu umepasuka. Mahakama imeshaketi: hakimu anahema, wazee wa baraza wana damu mpaka viwikoni, na mshtakiwa hajui hata ameshtakiwa nini. Dakika 5 baadaye hukumu imetoka.

Sina maana kwamba kila mbwa lazima atibiwe. Wapo wasiopaswa kutibiwa, nitafika huko. Ugomvi wangu ni kwamba pale kichakani watu huhukumu kwa macho, na kwenye majeraha ya mbwa wa kuwinda macho ni shahidi mwongo. Jeraha la kutisha mara nyingi ndilo jepesi. "Kitundu tu" ndicho kinachoua.

Chukua ubavu uliochunika. Kipande cha ngozi kikubwa kama kiganja kinaning'inia, nyama nyekundu iko nje, watu wanageuza nyuso. Lakini ngozi ya kiwiliwili cha mbwa ni pana na inavutika. Daktari ananyoa manyoya, anasuuza kwa maji mengi ya dripu, anakata kingo zilizokufa, anaweka mrija wa kutolea majimaji, anashona. Mrija unatoka baada ya siku 3 hadi 5, nyuzi baada ya siku 10 hadi 14, basi. Ngozi hiyohiyo ikichunika chini ya kiwiko au chini ya goti ni habari nyingine kabisa, maana huko hakuna ngozi ya akiba ya kuvuta: bandeji itabadilishwa wiki baada ya wiki, na pengine ngozi ipandikizwe. Kwa hiyo mguu uliochubuliwa unaweza kukugharimu kuliko ubavu uliofunguka kama shati. Nani pale kichakani angekisia hivyo?

Sasa tuje kwenye kitundu. Nguruwe dume hupiga kwa kuinua kichwa, jino linaingia chini na kupasua kwenda juu, na wakati huo mbwa amejinyoosha, anaruka. Ngozi yake inateleza juu ya misuli. Akishalala, tundu la ngozi na tundu la msuli hayatazamani tena. Bingwa wa kijiweni anaingiza kidole kichafu, anagusa msuli mzima, anatangaza: "Haikuingia ndani." Iliingia, bwana. Iliingia vidole viwili kando ya hapo unapogusa, ikasukuma manyoya na matope, na sasa umeongeza na ya kwako kutoka chini ya kucha.

Ikiwa jino limetoboa utumbo, siku ya kwanza mbwa anaweza kunywa maji, kutembea hadi kwenye gari na kutikisa mkia. Mbwa wa kuwinda hutikisa mkia kwa mambo ambayo mimi na wewe tungeitiwa wanasheria. Siku ya 2 au ya 3 anakunja mgongo, anakataa chakula, anatapika, tumbo linakuwa gumu kama ubao: kinyesi kimevuja ndani na tumbo zima limeoza kwa maambukizi. Tundu lililohitaji kushonwa siku ile ya kwanza sasa linahitaji kukatwa kipande cha utumbo, kuoshwa tumbo lote, kulazwa siku kadhaa kwenye dripu, na hata hivyo wengi hawatoki. Hapo ndipo mwenye mbwa hulalamika kwamba madaktari ni ghali. Ghali ilikuwa ile "tuone asubuhi".

Kwa hiyo kanuni yangu haina huruma: tundu lolote la kifuani, tumboni au shingoni ni la daktari siku hiyohiyo, ukubwa wake haujadiliwi. Jeraha chafu likishapita saa 6 hadi 8 vijidudu vimeshajijengea, na daktari anayejua kazi yake huenda akakataa kulishona palepale. Ataliacha wazi, alioshe kila siku, alifunge baadaye. Kila safari ya kuosha ina bei yake.

Ukitaka shahidi mkweli kichakani, funua mdomo wa mbwa. Ufizi wa waridi, ukiubonyeza kwa kidole na kuachia, unarudisha rangi ndani ya sekunde 2. Ukiwa mweupe na unachelewa, mbwa anaishiwa damu, hata kama huioni ikitiririka. Huenda inamwagikia tumboni kutoka kwenye wengu. Mbwa wa kilo 25 ana damu kama lita 2 tu mwilini. Theluthi ya hiyo ikitoka yuko mlangoni mwa kifo, na theluthi hiyo inajaa chupa moja ya maji ya kunywa. Ufizi wa bluu, shingo iliyonyooshwa na viwiko vilivyotanuliwa ni kifua: hewa imeingia pasipotakiwa na pafu limesinyaa. Tundu la kifua linalofyonza hewa lifunike kwa nailoni safi, ubandike pande tatu, wa nne uache ili hewa iliyonaswa ipate pa kutokea. Utumbo uliotoka nje usiurudishe. Ufunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya chumvi, gramu 9 kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu. Kijiti kilichochoma na kubaki, kiache humohumo. Damu inayochuruzika, kandamiza dakika 5 bila kuchungulia. Kitambaa kikilowa ongeza kingine juu, usikivue cha chini. Na tafadhali, weka mbali paracetamol na ibuprofen zako. Zinaweza kumdhuru mbwa vibaya hata kwa kipimo ambacho wewe unamezea maumivu ya kichwa.

Sasa uko kwa daktari na swali la pesa limekaa mezani. Hapa pia watu hukosea, kwa sababu wanadhani wanaulizwa swali moja: unalipa au hulipi? Maswali ni matatu na yanakuja kwa zamu. La kwanza ni kumtuliza: dripu, dawa ya maumivu, oksijeni. Hilo lipe jibu haraka, kwa kuwa hata mbwa atakayekufa kesho hapaswi kungoja uamuzi wako akiwa na maumivu. La pili ni kujua kilichovunjika: eksirei, ultrasaundi, kuligusa tumbo. Ni sehemu ndogo ya gharama yote, ila ndiyo inayoibeba hukumu. Baada ya hapo tu ndipo linakuja la tatu, upasuaji wenyewe. Na kuna makubaliano ambayo wengi hawajui yanawezekana: tumbo likifunguliwa na kukutwa haliponyeki, mbwa asiamshwe. Mwambie daktari hilo kabla ya dawa ya usingizi, na namba yako ya simu iwe wazi muda wote.

Mwulize mambo mawili uandike majibu. Akifanyiwa yote haya na yakaenda vizuri, baada ya miezi 3 atakuwaje? Na yakienda vibaya, ni nini kitaharibika kwanza, na kukirekebisha ni kiasi gani? Makadirio anayokupa mara nyingi ni ya safari moja. Mshono unaofumuka siku ya 5, ngozi inayogeuka nyeusi na kunuka kwa sababu ilipondwa na si kukatwa, mfupa ulioingia usaha chini ya bamba la chuma lililouunga: hayo hayamo kwenye karatasi ya kwanza. Kama mfuko wako unafika mwisho kwenye karatasi hiyo ya kwanza, sema mapema. Kuna njia ya pili. Mguu uliosagika unaweza kukatwa badala ya kujengwa upya, na mbwa wa miguu mitatu huzoea ndani ya wiki chache. Hatafukuza nguruwe tena, sawa. Ataishi.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye lile linalonichoma. "Ataishi, lakini hatawinda, sasa wa nini?"

Wa nini. Wewe ndiye uliyemfungua kamba. Ulimwita kwa jina, ukamwonyesha kichaka, ukapiga mluzi, naye akaingia kwa sababu hajui kukuambia hapana. Yeye hakujua urefu wa jino la nguruwe, wewe ulijua. Miaka yote mnyama alipoanguka ulijisifu kwa "mbwa wangu", na siku aliyoanguka yeye ghafla ni "mbwa tu". Watu hao hao hununua darubini ya bunduki bila kupepesa jicho, hubadilisha matairi manne kwa mkupuo, kisha wakifika kwa daktari wa mifugo wanakumbuka kwamba pesa ni ngumu. Ukipenda boga, penda na ua lake. Wengine wetu tumependa nyama tu. Wapo wanaojitetea kwa hesabu: mtoto wa mbwa ni bei hii, upasuaji ni mara kumi ya hiyo. Wenzao huwajibu kwa hesabu pia, kwamba mbwa aliyefunzwa miaka 2 au 3 hanunuliwi kwa bei ya mtoto wa mbwa. Ni kweli, na bado siipendi hoja hiyo. Inamwokoa mbwa hodari wa miaka 4 na kumhukumu mzee wa miaka 9 aliyekufanyia kazi mara mbili zaidi. Deni halipungui kwa sababu anayekudai amezeeka.

Haya, nikubali ninachopaswa kukubali. Kama pesa ni ya chakula cha watoto, ni ya watoto, wala sitaki mtu akope hadi ashindwe kulala. Na yapo majeraha ambayo kuyatibu ni kumtesa. Uti wa mgongo uliovunjika ni mfano mkubwa. Watu hubana kidole cha mguu wa nyuma, mguu ukajikunja, wakashangilia: "Anahisi!" Hapana. Kujikunja ni mrejesho wa uti wenyewe, hauhitaji ubongo. Tazama kichwa. Akigeuka, akilia, akitaka kuuma, basi habari imefika. Ukibana mfupa wa kidole kwa nguvu na uso wake haubadiliki, na mfupa wa mgongo umehama, matumaini ni finyu mno, na kinachomngoja ni vidonda vya kulalia na kibofu cha kukamuliwa kila siku.

Lakini asiye na pesa ya upasuaji hajaondolewa wajibu. Anadaiwa kifo safi, leo, cha sindano: dawa ya kutuliza kwanza, kisha ile ya mwisho kwenye mshipa, mkono wako ukiwa kichwani pake. Nisichokivumilia ni njia ya tatu, ile ya kumlaza nyuma ya nyumba kwenye gunia na kusema "tumwachie Mungu". Hiyo ni kutoamua, na analipa mbwa.

Fulana za kinga? Zinunue. Huzuia kupasuliwa zaidi ya kuchomwa, na kwenye joto kali humchemsha mbwa haraka kuliko unavyodhani. Zaidi ya hapo sina la kusema juu yake.

Ukiamua kulipa, jua kwamba nusu ya tiba inabaki mikononi mwako. Bandeji ya mguu iache ncha za vidole viwili vya katikati zionekane, uzikague asubuhi na jioni: zikivimba, zikitengana au zikiwa baridi, bandeji imekaza na mguu unakufa, usingoje miadi. Ikilowa, ibadilishwe siku hiyo. Dozi ya antibiotiki imalizwe hata kama jeraha limekauka. Mfupa wa mbwa mtu mzima unataka wiki 8 hadi 12, na kukojoa kwake wakati huo ni kwa kamba fupi, kwa sababu wiki ya 3 atajiona mzima na ataruka ukuta akisikia wenzake wanapakiwa kwenye gari. Na ile kola ya plastiki anayogonga nayo milango usiku kucha, atakutazama kwa macho ya yatima ili umvulie. Usimvulie. Mshono uliochukua saa 2 kushonwa anaufumua kwa dakika 10.