Bibi kachanganyikiwa: ni UTI kweli?

Wenzetu wengi waliokwenda Uingereza na Marekani kutunza wazee wanayajua haya. Bibi kaamka hajui yuko wapi, mkojo wake unanuka, kijiti cha kupimia kimebadilika rangi. Daktari anapigiwa simu, na kabla ya jioni bibi ameshameza antibayotiki.

Ila kwa umri ule kijiti hakithibitishi UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Robo hadi nusu ya wanawake katika makao ya wazee wana bakteria kwenye mkojo na hawaumwi chochote. Waliowekewa mpira wa mkojo kwa muda mrefu ni karibu wote. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza hautaki kijiti kitumike kwa waliovuka miaka 65. Ule wa Marekani wa 2019 unasema mzee aliyechanganyikiwa, asiye na homa wala dalili za njia ya mkojo, atafutiwe kwanza sababu nyingine. Huenda hanywi maji, hajapata choo siku nne, au ameanzishiwa dawa ya usingizi. Dawa isiyohitajika huwaachia uwanja bakteria wa E. coli walio sugu, yaani wasiouawa tena na dawa, na kwa kuwa mikono ileile inahudumia vitanda vyote, usugu wa mmoja huhamia kwa jirani. Kwa usugu huo, huko Uingereza antibayotiki ya trimethoprimu ilishaipisha nyingine, nitrofurantoini, ambayo nayo haiwafai wenye figo zilizochoka. Na wazee wangapi wana figo nzima?

Wanaoogopa kusubiri kabla ya kutoa dawa nao wana hoja. Utafiti wa 2019 wa wagonjwa zaidi ya 157,000 wa England wenye miaka 65 na kuendelea ulionyesha kuwa ambao hawakupewa dawa mara moja walipata zaidi maambukizi ya damu, na walikufa zaidi. Ulikuwa wa kusoma kumbukumbu tu, hivyo haukuthibitisha kwamba kucheleweshwa ndiko kulikoua. Lakini mzee aliyepoteza kumbukumbu atasemaje kwamba anaungua akikojoa?

Mimi naegemea kusubiri. Jaribio la makao 24 ya wazee ya Ontario, Kanada, na Idaho, Marekani, lililochapishwa 2005, lilipunguza dawa za UTI bila vifo kuongezeka. Ila kusubiri ni kazi: kumnywesha maji, kumpima joto kila baada ya saa chache, kumjua alivyokuwa jana. Zamu ya usiku ikiwa na mtu mmoja kwa korido nzima, namwelewa daktari anayeandika dawa kwa simu, ingawa sikubaliani naye.