Karatasi au kibodi: anayeanza programu za biashara aanzie wapi?

Kozi nyingi za utangulizi wa programu za biashara zina desturi moja: mwanafunzi hukaa wiki kadhaa akichora chati za mtiririko (michoro ya visanduku na mishale inayoonyesha hatua za programu) na kuandika hatua za programu kwa maneno ya kawaida, ndipo aruhusiwe kuandika msimbo, yaani programu yenyewe kwa lugha ya kompyuta. Wanaoipinga wanasema huo ni urithi wa enzi za kadi za kutoboa, mtu alipokabidhi kazi yake kwenye chumba cha kompyuta na kungoja majibu hadi kesho yake. Siku hizi mashine hujibu papo hapo, sasa ya nini kumzuia? Wanaoitetea wanasema anayekimbilia kibodi hujifunza kubahatisha. Kila upande una lake la kweli, ila ugomvi wao huishia kwenye chati, na chati ndiyo sehemu isiyo na maana kubwa.

Nadharia ya programu zenye muundo, iliyozaa desturi hii, ni fupi. Mwaka 1966 wanasayansi wa kompyuta Corrado Böhm na Giuseppe Jacopini walionyesha kwamba kazi yoyote inayochoreka kwa chati ya mtiririko inaweza kuandikwa kwa miundo mitatu tu: mfuatano (hatua moja baada ya nyingine), uteuzi (kuchagua njia kwa sharti) na marudio (kurudia hatua). Machi 1968 mwenzao Edsger Dijkstra akaishambulia GOTO, amri ya kuirusha programu hadi mahali pengine, katika barua kwa jarida la Communications of the ACM, kwa kuwa amri hiyo humfanya msomaji ashindwe kujua programu imefikia wapi katika kazi yake. Mwaka 1974 mwanasayansi mwingine wa kompyuta, Donald Knuth, akajibu kwamba kuna mahali ambapo GOTO inafaa. Kwa mwanafunzi wa leo mjadala huo umekwisha. Lugha ya Python haina GOTO, na ile ya Java imelitenga neno hilo bila kulipatia kazi yoyote. Hapa wapinzani wako sahihi: lugha zenyewe zimeshabeba nidhamu iliyokuwa ikifundishwa kwa rula na penseli. Kabla ya toleo la mwaka 1985 lililoleta neno la kufungia END-IF, COBOL, lugha kongwe ya programu za biashara, ilitegemea nukta kufunga sharti la IF (“ikiwa”), na nukta moja iliyokosewa mahali iliweza kubadilisha hesabu ya mishahara bila kompyuta kulalamika. Watu wa wakati ule walikuwa na sababu nzuri ya kuchora kwanza.

Lakini kuwa na muundo hakuna maana ya kuwa na muundo unaofaa. Tuchukue ripoti ya kawaida kabisa ya biashara: faili la mauzo lililopangwa kwa tawi, na kila tawi linatakiwa litoe jumla yake. Rekodi ni tatu: Arusha 120,000, Arusha 80,000, Mbeya 45,000. Anayeanza bila kupanga karibu kila mara huandika kitanzi kimoja, yaani hatua zinazorudiwa kwa kila rekodi: soma rekodi, ikiwa tawi si sawa na lile lililotangulia, chapa jumla na uirudishe sifuri, kisha ongeza kiasi. Programu inakubali na inafanya kazi, ila ripoti ina kasoro mbili. Mstari wa kwanza ni jumla ya sifuri ya tawi lisilo na jina, kwa sababu mwanzoni hakukuwa na tawi lililotangulia. Na Mbeya haionekani kabisa, maana jumla huchapwa tawi linapobadilika tu, na baada ya Mbeya hakuna badiliko tena, faili limekwisha.

Kinachofuata kinajulikana na kila aliyesahihisha kazi za wanafunzi. Anaongeza kigeu (nafasi yenye jina ya kuhifadhi thamani) cha kuonyesha kama hii ni rekodi ya kwanza. Anainakili amri ya kuchapa na kuibandika chini ya kitanzi. Mwalimu akiomba jumla ya mkoa juu ya jumla ya tawi, viraka vinakuwa vinne, na kimojawapo kinasahauliwa. Hakutumia GOTO hata moja. Miundo yote ni ile mitatu halali.

Katikati ya miaka ya 1970 Mwingereza Michael Jackson (si yule mwimbaji) aliliendea tatizo hili kwa kutazama data kwanza. Faili ni marudio ya matawi, na tawi ni marudio ya mauzo. Basi programu nayo iwe kitanzi ndani ya kitanzi, na rekodi isomwe mapema kabla ya kuhitajika:

soma rekodi ya kwanza
maadamu faili halijaisha:
    tawi = tawi la rekodi
    jumla = 0
    maadamu faili halijaisha na rekodi ni ya tawi hilo:
        jumla = jumla + kiasi
        soma rekodi inayofuata
    chapa tawi na jumla

Hakuna kiraka. Mbeya inachapwa kwa sababu kitanzi cha ndani kinaishia ama tawi linapobadilika ama faili linapoisha. Faili tupu halichapi kitu wala halileti hitilafu. Ukitaka jumla ya mkoa, unaongeza kitanzi cha tatu nje ya hivi viwili, na sharti la mkoa linaingia katika vitanzi vya ndani yake. Muundo huu hauji kwa kujaribu-jaribu kibodini, na hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa karatasi. Ona pia kwamba hakuna chati iliyohitajika. Mistari minane imetosha.

Upande wa pili utajibu kwamba siku hizi hakuna anayeandika hivyo, kwa kuwa hifadhidata inamaliza kazi kwa sentensi moja ya SQL, lugha ya kuiulizia data: SELECT tawi, SUM(kiasi) FROM mauzo GROUP BY tawi. Ni kweli, na kwa ripoti ya jumla tupu ningeiandika hivyohivyo. Tatizo ni kwamba makosa ya mipakani hayakuondoka, yamehama tu. Tawi ambalo halikuuza chochote, tuseme Tanga, halitokei katika majibu hayo, mpaka uunganishe jedwali la matawi kwa LEFT JOIN, amri inayobakiza matawi yote hata yasiyo na mauzo. Na ukishaunganisha, jumla ya tawi hilo ni NULL (yaani hakuna thamani), si sifuri. Mhasibu atauliza Tanga iko wapi. Mwanafunzi aliyezoea kujiuliza “ikiwa hakuna rekodi hata moja?” atalikuta swali hilo kabla ya mhasibu. Tena faili linalotoka benki, lenye rekodi ya kichwa, rekodi za malipo na rekodi ya mwisho inayotaja idadi na jumla, bado husomwa moja baada ya nyingine, na umbo lake ni lilelile la vitanzi.

Karatasi inasaidia vilevile kwenye fedha, ingawa kozi nyingi hupita hapo haraka. Bidhaa ya shilingi 1,475 ikitozwa VAT ya asilimia 18, kodi ni 265.50, yaani 266 ukikaribisha kwenye shilingi nzima. Mistari mitatu ya namna hiyo inafanya 798. Ukikokotoa kodi mara moja kwa jumla ya 4,425 unapata 796.50, yaani 797. Shilingi moja imepotea, na hakuna kosa la msimbo popote. Ni uamuzi wa kibiashara ambao hakuna aliyeuliza. Unaandikwa kwenye maelezo ya awali: tunakaribisha kwa mstari au kwa jumla, na nusu inakwenda juu au chini. Kutumia aina ya namba ya desimali badala ya ile inayofanya 0.1 + 0.2 iwe 0.30000000000000004 ni lazima, lakini hakujibu swali hilo.

Sasa udhaifu wa karatasi, ambao watetezi wake hawapendi kuutaja. Mafunzo haya yalizaliwa na kazi za usiku: programu moja, faili moja, hakuna anayeingilia. Mfumo wa duka hauko hivyo. Stoo ina mifuko 5 ya sukari. Keshia wa kwanza anasoma 5, wa pili naye anasoma 5. Kila mmoja anauza 3 na kuandika 2. Imeuzwa mifuko 6 wakati ilikuwepo 5 tu, na mfumo unadai imebaki 2. Fuatilia hatua za programu hiyo kwenye jedwali la ufuatiliaji (karatasi ya kuandika thamani za vigeu hatua kwa hatua) mara mia, hutaona kosa, kwa sababu jedwali linafuata keshia mmoja. Dawa iko katika hifadhidata: amri moja ya UPDATE (ya kubadilisha rekodi) inayopunguza idadi kwa sharti kwamba idadi ni 3 au zaidi, kisha kuangalia kama kuna rekodi iliyobadilika; isipobadilika, mauzo yanakataliwa. Ndivyo ilivyo pia kwa taarifa ya malipo ya simu inayoweza kufika mara mbili mtandao unapoyumba: namba ya muamala iwekewe sharti la kutojirudia, vinginevyo mteja anahesabiwa kuwa amelipa maradufu. Mambo haya hujulikana kwa kufungua madirisha mawili na kuyagonganisha, si kwa penseli.

Kwa hiyo ningefuta chati za mtiririko karibu zote. Wanafunzi wengi huzichora baada ya programu kumalizika, ili wapate alama, na kila mwalimu analijua hilo. Hatua za maneno ningezibakiza, lakini kwa kazi zenye makundi, mipaka na fedha tu. Fomu ya kusajili mteja haihitaji nusu saa ya maandalizi. Kibodi ingefunguliwa siku ya kwanza, kwa sharti moja: kabla ya mstari wowote wa msimbo, mwanafunzi aandike data ya majaribio pamoja na majibu anayoyatarajia, aliyoyakokotoa kwa mkono. Kwa ripoti ya matawi ni faili tano: tupu, lenye rekodi moja, lenye tawi moja na rekodi nyingi, lenye matawi mawili, na moja ambalo halikupangwa kwa tawi. Hilo la tano litachapa Arusha mara mbili, na mwanafunzi aamue kama programu ipange faili yenyewe au ilikatae na kutaja namba ya rekodi iliyoharibu mpangilio.