Ufizi wa Shangazi Hauishi Sahanini

Wiki tatu zilizopita nilimsindikiza shangazi yangu kwa daktari wa meno hapa Mombasa, na tulipokuwa tukingoja zamu yetu tulikabidhiwa kipeperushi cha rangi za kumeremeta kilichosifu utando wa chembe za nano, yaani chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, za fedha na za zinki oksaidi, unaopakwa juu ya jino ili kuwazuia bakteria. Chini yake paliandikwa kwa herufi nzito: "Umepimwa kwenye seli za ufizi. Ni salama kabisa." Neno hilo la mwisho ndilo lililonipandisha mori.

Nilimuuliza daktari umepimwa vipi, naye akanijibu, kwa upole wa mtu aliyezoea wagonjwa wasumbufu, kwamba umekidhi kiwango cha kimataifa. Kiwango chenyewe ni ISO 10993-5, ambacho hukihesabu kitu kuwa sumu kwa seli pale uhai wa seli hizo unaposhuka kwa zaidi ya asilimia 30. Kwa hiyo kilichoacha asilimia 71 ya uhai huo kimefaulu, na muuzaji anajipa ruhusa ya kuandika "kabisa". Haya, mpaka lazima uwekwe mahali, na seli za sahanini, zile zinazolelewa maabara kwa ajili ya kupimia, hazina mate wala tabaka za juu za kuzikinga, hivyo huenda huko zikateseka kuliko kinywani. Hilo nimelikubali, ingawa kwa shingo upande.

Lakini tazama sahani hiyo ilivyo. Seli hulelewa ndani ya kiowevu safi chenye lishe, kwa nyuzi joto 37, kisha huachwa na chembe hizo kwa saa 24, pengine siku mbili tatu. Shangazi yangu hunywa kahawa chungu asubuhi, hula achari ya embe na kushushia maji ya ukwaju mchana, na jioni hutafuna tambuu kwa chokaa na popoo, desturi aliyoianza kabla sijazaliwa na ambayo nasaha za ukoo mzima hazijaitikisa. Zinki oksaidi huyeyuka katika asidi, na fedha nayo huachia ioni, yaani vijichembe vyenye chaji ya umeme; ioni hizo ndizo ziuazo bakteria, na zikizidi haziibagui seli ya ufizi. Ni nani aliyeuloweka utando huu kwenye ukwaju kila siku kwa mwaka mzima, akausugua kwa mswaki, ndipo akauweka juu ya seli? Tena ufizi wenyewe si mzima. Popoo, iliyotiwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani katika orodha ya visababishi vya saratani mwaka 2004, huzidhuru seli hizo hizo hata kabla ya nano kufika. Kupima seli zenye afya njema, kisha kumtuliza mwanamke wa miaka 68 ambaye ufizi wake hutoka damu kila apigapo mswaki, ni sawa na kuijaribu ngalawa ndani ya beseni na kuiruhusu itoke Kilindini wakati wa kusi.

Liko na suala la rangi. Kipimo cha MTT cha kukadiria seli zilizo hai, kinachotumika tangu 1983, hutegemea seli hai kuigeuza rangi ya manjano kuwa zambarau, ilhali baadhi ya chembe za nano huiingilia rangi hiyo zenyewe, mashine ikasoma uhai usiokuwapo. Mtafiti makini huthibitisha kwa njia ya pili. Kipeperushi kimenyamaza.

Siichukii nano, meno ya shangazi yanaoza na ningefurahi yakipata kinga. Nilichomwomba daktari ni ripoti ya upimaji yenyewe, yenye muda, kipimo na aina ya seli. Kila nikimpigia simu huniambia kwamba kampuni ingali inaitafuta.