"Pita pembeni!" si ushauri wa usalama

Dereva wa daladala akimfokea mwendesha baiskeli wa Dar es Salaam "Pita pembeni!", mara nyingi anamtaka apande njia ya waenda kwa miguu. Ukiusikia haraka, ni ushauri wa huruma: huku kuna malori, kule hakuna. Kasoro yake huonekana kwenye makutano.

Anayetembea huenda kama kilomita 5 kwa saa, yaani mita 1.4 kila sekunde. Baiskeli ikienda 20, ni mita 5.6. Sasa mtazame dereva anayetoka kituo cha mafuta. Anatupa jicho kwenye njia ya miguu, anaona peupe, anageukia barabarani kutafuta upenyo. Sekunde 2 zikipita, mwenda kwa miguu amesogea mita 3 hivi. Baiskeli imekula mita 11. Alipotazama ilikuwa nyuma ya kibanda cha chipsi. Sasa iko mbele ya bampa. Wala hakuzembea: alitazama kwa kipimo cha watu wanaotembea. Ikija kinyume na mkondo wa magari ni hatari zaidi, maana anayetoka mtaani kukata kushoto huangalia kulia. Barabarani, mita moja kutoka ukingoni, baiskeli iko pale pale dereva anapolazimika kutazama.

Halafu kuna njia ya miguu yenyewe. Kariakoo imejaa meza za machinga na bodaboda zilizoegeshwa, na kwingineko mifuniko ya mitaro haipo. Kila geti lina ukingo wa kushuka na kupanda. Tairi lisilojaa upepo likiugonga, tyubu hubanwa kwenye rimu na kutoboka matundu mawili sambamba. Ukiupanda kimshazari, gurudumu la mbele huteleza. Mwenye magunia ya mkaa kwenye keria hawezi hata kujaribu.

Wanaopinga baiskeli kukaa barabarani wana hoja pale ambapo barabara haina bega na malori yanapita kwa kasi kubwa. Mtoto anayejifunza naye abaki kwenye njia ya miguu, kwa mwendo wa anayetembea. Mtu mzima akiona pamebana, ashuke akokote. Hapo amekuwa mwenda kwa miguu kamili.

Barabara ya Morogoro ilijengewa njia za baiskeli pamoja na mradi wa mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza 2016. Pale ambapo bodaboda na wauza matunda hawajaziziba, honi za "pita pembeni" hazina kazi.