Setilaiti Isiyo na Mbadala Isipande Roketi Changa

Mwishoni mwa Juni 2024, EUMETSAT, shirika la Ulaya la setilaiti za hali ya hewa, liliiondoa setilaiti yake ya MTG-S1 kwenye Ariane 6, roketi mpya ya Ulaya yenyewe, na kuihamishia Falcon 9 ya Marekani. Ariane 6 ilikuwa haijaruka hata mara moja. Safari yake ya kwanza ilipangwa Julai 9, siku chache tu mbele. Wengi Ulaya walikasirika, hasa Wafaransa, wakaona shirika lao limewatia aibu. Kwa maoni yangu EUMETSAT walifanya sawa kabisa, na watu wa Kigoma tuna sababu ya kulifuatilia jambo hili.

Setilaiti za Meteosat, ambazo MTG-S1 ni mojawapo, zimewekwa juu ya ikweta, umbali wa karibu kilomita 36,000, zikiitazama Ulaya na Afrika kwa pamoja. Ndizo zinazoonyesha wingu la mvua likijikusanya juu ya Ziwa Tanganyika. Mvuvi wa dagaa anayetoka Katonga au Kibirizi jioni na taa zake, na abiria wa boti inayoshuka kusini hadi Kalya, wote usalama wao unategemea tahadhari ya upepo kutolewa mapema. Setilaiti ikiteketea wakati wa kurushwa, iwe Kourou, kituo cha Ariane huko Guyana ya Ufaransa, au Florida, pengo hilo linafika hadi mwaloni kwetu.

Roketi mpya hufa kwa sababu ndogo. Juni 4, 1996, Ariane 5 ya kwanza ilipasuka angani ikiwa haijamaliza hata dakika moja. Programu ya kuongoza mwelekeo ilichukuliwa kutoka Ariane 4, roketi iliyokuwa na mwendo tofauti. Namba ya kasi ya kwenda upande ikawa kubwa kuliko nafasi ya biti 16 iliyotengewa, kompyuta ikazima, na ya akiba ikazima vilevile kwa kuwa ilibeba programu ileile. Setilaiti nne za Cluster zikaangamia. Zilizojengwa badala yake ziliruka mwaka 2000, kwa roketi ya Kirusi ya Soyuz. Machi 7, 2023, roketi ya H3 ya Japani nayo iliruka mara ya kwanza ikiwa imebeba ALOS-3, setilaiti iliyokusudiwa kusaidia wakati wa majanga. Injini ya hatua ya pili, yaani sehemu ya roketi inayowaka baada ya ile ya chini kumaliza kazi, haikuwaka, ikabidi roketi iamriwe kujilipua. Safari ya pili, Februari 2024, Wajapani walipakia uzito wa majaribio na setilaiti mbili ndogo tu. Hivyo ndivyo ilivyopasa kufanywa tangu mwanzo. Hata fundi wa boti huitoa boti mpya na mifuko ya mchanga kabla ya kupakia watu.

Wala safari moja njema haitoshi. Roketi nyingine ya Ulaya, Vega C, ilifanikiwa Julai 2022, kisha Desemba mwaka huohuo ikapoteza setilaiti za Pléiades Neo 5 na 6 baada ya kipande cha ndani ya mdomo wa injini ya hatua ya pili kulika kupita kiasi. Kabla roketi haijafikisha safari tatu au nne za muundo uleule, mtu asiseme ameijua.

Wanaoipinga EUMETSAT wana hoja moja nzito. MTG-S1 iliruka Julai 1, 2025. Ariane 6 ilikuwa imefanya safari yake ya pili vizuri mwezi Machi, na ya tatu ikafanikiwa Agosti 13, ikiwa imebeba setilaiti nyingine ya EUMETSAT hiyohiyo, Metop-SGA1. Kwa hiyo, wanasema, hofu yote ile iliokoa wiki sita tu. Hesabu hiyo siikubali. Uamuzi hupimwa kwa kile kilichojulikana siku ulipofanywa, na Juni 2024 hakukuwa na safari hata moja ya kutazama. Safari ya kwanza yenyewe haikukamilika: mtambo mdogo wa kusaidia hatua ya juu ulizima, injini ikashindwa kuwashwa tena mwishoni. Metop-SGA1 ilipanda baada ya safari mbili kuonekana. Mpangilio huo una akili.

Basi nani apande kwanza? Apande yule mwenye wenzake. NASA iligawa setilaiti sita ndogo za TROPICS, za kufuatilia vimbunga, mbili mbili. Roketi ya Astra ikapoteza mbili za kwanza Juni 2022. Nne zilizobaki zilirushwa na roketi ya Electron Mei 2023, na kazi ikaendelea, kwa sababu mpango ulijua tangu mwanzo kwamba nne zinatosha.

Haraka ya ratiba ni hatari ya peke yake, hata kwenye roketi iliyozoeleka. Septemba 1, 2016, setilaiti ya AMOS-6 iliteketea pale Falcon 9 iliyoibeba ilipolipuka kwenye jukwaa wakati wa maandalizi ya kuwasha injini kwa majaribio, siku mbili kabla ya kuruka. Setilaiti ilikuwa imeshafungwa juu ya roketi ili kuokoa muda. Sehemu ya uwezo wake ilikodiwa na Facebook na Eutelsat kuleta intaneti kusini mwa Sahara. Bima ya kurusha ilikuwa haijaanza kufanya kazi; aliyelipa ni bima ya mizigo.

Kuhama roketi nako si kubadili tiketi ya treni. Kila roketi hutikisa kwa namna yake, hivyo hesabu za mitikisiko hurudiwa, na pete ya kuifungia setilaiti kwenye roketi huenda ikabadilika. MTG-S1 ilichukua mwaka mzima. Ndiyo maana nchi zetu zinapoanza kununua setilaiti, kama Kenya ilivyorusha Taifa-1 Aprili 2023, mambo haya yaandikwe kwenye mkataba kabla ya kusaini: pete inayokubali roketi mbili, hesabu za mitikisiko za zote mbili, idadi ya safari za muundo uleule zinazotakiwa kabla ya zamu yetu, haki ya kuhama bila faini ratiba ikipita kikomo, na bima isiyoacha mwanya kati ya ghalani na kuwashwa kwa injini.