Kisiwani sitaki majigambo

"Ukiachwa peke yako kisiwani, ungebeba albamu zipi za rap?" Swali hilo huulizwa na watu wa mjini, umeme unawaka na bando lipo. Mimi visiwa navijua kwa kazi. Kila baada ya wiki chache navuka kwa feri kutoka Entebbe hadi Kalangala kununua dagaa, hao tunaowaita mukene. Nikifika naunga kwa mtumbwi wa mashine hadi miwalo midogo, yaani vituo vya wavuvi ufukweni, ambako mtandao hushika ukipanda juu ya jiwe moja tu, tena siku ya bahati. Visiwa hivi vya Ssese, ndani ya Ziwa Victoria, ni 84, na baadhi havina mtu hata mmoja.

Safari za mwanzo nilitegemea programu ya muziki niliyokuwa nailipia kila mwezi. Usiku wa tatu ikagoma: niunganishe intaneti kwanza ijiridhishe kwamba mimi ni mimi. Nimekaa juu ya gunia la dagaa, gizani, simu inanidai kitambulisho! Tangu hapo natumia memori kadi. Kuna kijana wa librari, kibanda cha kupakia muziki, mjini Kampala, kompyuta yake ameifunika kitambaa kwa ajili ya vumbi; unamtajia unachotaka, anakupakia. (Najua msanii hapati kitu hapo. Albamu ninazozipenda kweli nimezinunua pia, msinipige mawe.) Juzi aliisoma orodha yangu yote kimya, kisha akaniuliza kwa huruma, "Mzee, nikuwekee na za kucheza?" Nina miaka 38.

Kwa hiyo ninachosema nimekijaribu. Albamu ya mjini na albamu ya kisiwani ni vitu viwili, na kinachozitenga ni majigambo. Sina ugomvi na kujigamba. Wanyankole wa magharibi mwa Uganda walikuwa na ebyevugo zao, mtu anasimama kujisifu kwa pumzi moja, muda mrefu kabla ya maikrofoni. Ila anayejigamba anahitaji watu wa kumsikia. Watch the Throne ya Jay-Z na Kanye West, ya 2011, nikiisikiliza ndani ya teksi jijini najiona mimi ndiye mwenye teksi. Kule mwaloni niliizima kabla haijafika nusu. Saa ya dhahabu ya nini, na hakuna wa kukuuliza ni saa ngapi?

Ya kwanza kuingia mfukoni ni To Pimp a Butterfly ya Kendrick Lamar, 2015, na hapa sibishani na mtu. Mwaka mmoja kabla, jamaa alikwenda Afrika Kusini akafika Robben Island, akakiona chumba alichofungwa Mandela. Sijui kama wazo la kisiwa lilimganda, ila albamu yenyewe ni ya mtu anayejihoji peke yake. Ndani yake kuna shairi linalokua: baada ya wimbo huu unasikia mistari michache, baada ya ule inarudiwa na kuongezwa, hadi mwisho unalipata zima na kugundua kwamba muda wote alikuwa akimsomea rapa Tupac. Tupac alikufa 1996. Sauti yake imekatwa kutoka mahojiano ya 1994 na kupachikwa ili wawili hao waonekane wanaongea. Wanaongea vizuri tu, kama kaka na mdogo wake. Kisha Kendrick anamuuliza jambo moja la mwisho, anamwita jina, na hakuna jibu. Albamu imeisha hivyo.

Mjini hapo utasikia honi, au jirani anakaanga kitu. Mwaloni usiku usio na mwezi, ambao ndio usiku wa mukene, unasikia maji tu. Mbele yako taa za wavuvi zimepangana ziwani kama mji ambao huwezi kuufikia kwa miguu. Mara ya kwanza ilipoishia pale nilikaa muda mrefu bila kugusa simu.

Sometimes I Might Be Introvert ya Little Simz, 2021, naibeba kwa sababu nyingine. Herufi za mwanzo za jina hilo zinaunda SIMBI, jina lake la nyumbani. Dada huyu ni mzaliwa wa London, wazazi wake Wanigeria. Ilishinda Mercury, tuzo ya albamu bora ya Uingereza, 2022, ila kwangu uzito uko kwenye wimbo mmoja, Point and Kill. Kwa Wanigeria hayo ni maneno ya mgahawani: unamnyooshea kidole kambare aliye hai majini, anauawa, anapikwa. Muuza samaki gani atauruka wimbo huo?

J. Cole na albamu yake iitwayo 2014 Forest Hills Drive naye aje, hasa kwa wimbo wake wa mwisho unaopita dakika 14, sehemu kubwa akishukuru watu mmoja mmoja. Mjini ni kero. Kisiwani ni kama kusikia watu wakiamkiana.

Na ya mwisho ni Kubali ya MC Yallah, 2019, mama wa Kampala mwenye asili ya Kenya, biti za mtayarishaji Debmaster zinazogonga kama bati kwenye upepo. Lebo inaitwa Hakuna Kulala, jina ambalo mvuvi wa mukene hahitaji kutafsiriwa. Yallah anachanganya Kiluganda, Kiluo, Kiswahili na Kiingereza, na katika nchi hii ya Uganda, ambako Kiswahili kimo katika Katiba tangu 2005 kama lugha rasmi ya pili lakini masikioni mwa wengi bado kinanukia kambi ya jeshi, nafurahi kumsikia mtu akikitumia bila kuomba radhi.

Asubuhi moja niliicheza kwa spika ndogo karibu na nyavu za kuanikia. Mama mmoja aliyekuwa akigeuza dagaa kwa ufagio aliinua kichwa, akasikiliza.

"Huyu ni wa wapi?"

"Wa Kampala, mama."

"Kiluo hicho amekitoa Kampala?" Akacheka, akarudi kwenye dagaa zake. Baada ya kidogo akaniita bila kugeuka: "Baba, kirudishe nyuma hapo alipoanza."

Chaji ilikuwa imebaki asilimia 6. Nikakirudisha.