Zeolaiti inabebeshwa lawama isiyo yake

Wapo wanaosema zeolaiti, madini ya fuwele yenye vitundu vidogo mno yanayochochea mafuta mazito yavunjike kuwa petroli, ndiyo imetufunga kwenye mafuta: kichocheo hiki kimefanya petroli iwe nyingi, na kikichakaa kinaacha taka yenye nikeli na vanadi. Kuna ukweli hapo. Lakini wanaosema hivyo husahau kilichokuwapo kabla yake.

Kabla ya miaka ya 1960, mafuta mazito yalivunjwavunjwa kwa udongo uliotiwa asidi, baadaye kwa silika-alumina (mchanganyiko wa silikoni, alumini na oksijeni) isiyo na umbo la fuwele. Charles Plank na Edward Rosinski wa kampuni ya Mobil walipoleta zeolaiti, pipa lilelile likatoa petroli zaidi, na masizi yakapungua. Hapa ndipo sibanduki. Ukiiondoa leo, magari yakiwa bado barabarani, hupunguzi hata lita moja ya mahitaji. Utachimba zaidi, utasafirisha zaidi na utachemsha zaidi ili upate petroli ileile.

Tazama chembe moja tu ya kichocheo hiki. Ni laini kama unga, na ikipulizwa hewa hutiririka kama maji. Hukutana na mafuta kwenye joto la zaidi ya nyuzi 500, na baada ya sekunde chache imeshakuwa nyeusi kwa masizi. Hapo hupelekwa kwenye tangi la pili, masizi yakaungua kwa nyuzi 700 hivi, nayo ikarudi kazini ikiwa imebeba joto lilelile la kuvunjia mafuta mengine. Kazi yenyewe hufanyika ndani ya vitundu vyenye upana usiofika nanomita moja.

Masizi hayo yakiungua hutoa kaboni dayoksaidi, tena nyingi, hilo silipingi. Na petroli ikipatikana kwa urahisi, watu huitumia zaidi. Kuhusu taka, viwanda vya saruji huchukua sehemu yake. Linalonisumbua zaidi ni lanthanamu, metali inayoimarisha zeolaiti: China ilipobana mauzo yake ya nje mwaka 2010, bei ilipaa na wasafishaji wa mafuta wakahangaika kupunguza lanthanamu wanayotumia.

Hata hivyo, kanuni kali ningeziweka kwenye bomba la moshi la lile tangi la pili, na kodi kwenye mafuta yanayochomwa barabarani. Kichocheo ningekiacha kiendelee na kazi, maana zeolaiti hizihizi ndizo watafiti wanazozijaribu kuvunja plastiki chakavu.